Kani ni ya Nani?

Siku moja ya masika, katika mtaa mmoja wa Mbagala ambao lami haijaufikia, nilisimama chini ya upenu wa duka nikingoja mvua ipungue. Mbele yangu vijana wawili walikuwa wakihangaika na mkokoteni uliosheheni mifuko ya saruji, mmoja akivuta mbele na mwenziwe akisukuma nyuma. Walikuwa watu wa miraba minne, na sina shaka kwamba katika ardhi kavu wangaliupeleka mkokoteni ule wapendako. Lakini sasa kila walipojitutumua miguu yao iliteleza katika tope, na mkokoteni ukabaki pale pale kama uliopigiliwa misumari. Mzee mmoja aliyejikinga mvua pamoja nami akatikisa kichwa, akasema: "Nguvu zimewaishia hao." Nami, kwa ile desturi mbaya ya walimu, nikamjibu kwa swali: "Zimekwenda wapi, Mzee?"

Hakunijibu. Alinitazama kwa huruma, kama atazamwavyo mtu aliyesoma mno, kisha akarudisha macho barabarani. Punde si punde jirani mmoja akaleta makarai mawili ya mchanga na kipande cha ubao. Mchanga ukamwagwa chini ya miguu ya vijana, ubao ukatangulizwa mbele ya gurudumu, na mkokoteni ukaondoka. Mchanga hauna misuli, wala haukula ugali asubuhi ile. Hata hivyo, kabla haujaja, nguvu za vijana wale hazikufaa kitu. Na ulipokuja, zikafaa.

Ndugu msomaji, jambo hili ambalo kila mkazi wa Mbagala, Tandika au Tandale huliona mara kadhaa kila masika, ndilo lililo katikati ya swali ambalo wanafalsafa wa maumbile wameligombania kwa karne nyingi: kani ni kitu gani? Je, ni mali ya kitu fulani, kama vile rangi yake au tungamo lake? Au ni jina tu tulilolibuni ili hesabu zetu zikae sawa? Maoni yangu, nitakayojaribu kuyatetea hapa, ni kwamba kani si mali ya kitu chochote kimoja. Kani ni jambo linalotokea baina ya vitu viwili, na kikikosekana kimoja, haipo. Vijana wale hawakupungukiwa na chochote ndani yao. Walipungukiwa na mwenzi wa kusukumana naye, yaani ardhi.

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kusema: "Haya tumeyasoma, ni kanuni ya tatu ya Newton." Ni kweli ameyasoma, na pengine ameyajibu vizuri katika mtihani. Nami niliyasoma, nikayajibu, nikapata alama nzuri, na nikaenda hadi chuo kikuu nikiwa bado naamini moyoni mwangu kwamba jiwe lililorushwa lina kani ndani yake inayolisukuma mpaka iishe. Nimekutana na imani hiyo hiyo kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kila mwaka tangu nianze kufundisha. Ukiwapa mkokoteni unaokwenda kwa mwendokasi usiobadilika juu ya barabara tambarare, na ukawaambia kwamba mtu anausukuma kwa kani ya nyutoni 150, kisha ukawauliza msuguano na vizuizi vingine vinaurudisha nyuma kwa kiasi gani, wengi husema: pungufu ya 150, la sivyo usingekwenda. Jibu sahihi ni 150 kamili. Kani zikilingana, mwendo haukomi. Kinachokoma ni kubadilika kwa mwendo.

Kosa hilo si la aibu, maana lina ukoo mrefu. Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba kila chenye mwendo kina kinachokisogeza. Philoponus wa Iskandaria katika karne ya 6, kisha Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, kisha Buridan wa Paris katika karne ya 14, kila mmoja kwa namna yake, walisema kwamba mrushaji hukitia kitu anachokirusha kitu fulani cha ndani kinachokipeleka mbele baada ya mkono kukiachia. Mwanafunzi anayesema kwamba jiwe "lina kani" anarudia kwa lugha yake fikra za watu wenye akili kubwa. Kazi ya mwalimu si kumcheka. Kazi yake ni kumwonyesha kwamba jiwe likiwa angani, ukiacha hewa kidogo, mwenzi wake ni mmoja tu: dunia inayolivuta. Mkono ulikwisha kuachana nalo, na pamoja na mkono kani ile nayo ilikwisha kutoweka.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, kwa sababu nadhani nusu ya tatizo imo humo. Katika mazungumzo ya kila siku neno letu ni *nguvu*, na nguvu ni ya mtu: mtu ana nguvu, nguvu zinamwishia, serikali ina nguvu, dawa ina nguvu. Ni neno la kumiliki. Waundaji wa istilahi walipotafuta neno la fizikia waliliacha kwa hekima wakateua *kani*, neno ambalo wasemaji wa pwani walikuwa nalo tangu zamani kwa maana mbili: nguvu, na pia ubishi au ukaidi. Mtu aliyeshika kani ni mtu aliyekataa kusogea. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi hiyo ya kutenganisha maneno ilikuwa imekwisha kwenda mbali, na matokeo yake tunayatumia bila kufikiri. *Kanieneo*, kwa mfano, ni kani iliyogawanywa kwa eneo, na neno lenyewe linakupa fomula kabla hujafungua kitabu. (Istilahi iliyobahatika kuliko zote ni *mwendokasi*: tangu mwaka 2016, yalipoanza mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, watu wengi wanapolisikia neno hilo hufikiria kituo na foleni, wala si mita kwa sekunde.)

Ile maana ya ukaidi ni ya kufikirisha. Newton mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alitumia neno moja la Kilatini, *vis*, kwa mambo mawili tofauti: kani inayotiwa katika kitu kutoka nje, na ile tabia ya kitu kukataa kubadilishwa mwendo, ambayo leo tunaiita inesha. Hiyo ya pili aliiita "vis ya asili ya maada". Kwa neno *kani* la wazee wetu angalifurahi, maana limebeba yote mawili, msukumo na ukaidi. Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Dereva wa daladala akifunga breki kwa ghafla katika Barabara ya Kilwa, abiria wote waliosimama huinamia mbele, na kila mmoja angeapa kwamba amesukumwa. Nani aliyemsukuma? Tafuta ndani ya basi zima hutampata. Hakuna aliyesukumwa mbele. Basi limepunguza mwendo, na miili imeendelea na mwendo iliyokuwa nao. Ukaidi huo si kani, kwa sababu hauna mwenzi wa pili. Abiria akishika bomba la juu, hapo ndipo kani halisi inapozaliwa, baina ya mkono wake na bomba, nayo inamvuta nyuma.

Kuna jambo jingine katika lugha yetu ambalo sijapata kuliona likitajwa darasani, nami nalitaja kwa furaha ya mtu aliyeokota sarafu katika njia aipitayo kila siku. Angalia majina ya kani tunazozifahamu: *uvutano*, *msuguano*, *mgongano*, *mgusano*. Yote yametoka katika vitenzi vyenye kiambishi cha kutendana: vutana, suguana, gongana, gusana. Jina la Kilatini ambalo Wazungu walilirithi kwa uvutano lina maana ya uzito tu, yaani sifa ya kitu kimoja kilichokaa peke yake. Jina la Kiswahili linatangaza kwamba wapo wawili, na kila mmoja anamtenda mwenzake. Mtoto wa Temeke akisema "kani ya uvutano baina ya dunia na mwezi", ameshasema, kwa sarufi tu, kwamba mwezi nao unaivuta dunia.

Nisieleweke vibaya. Sarufi haithibitishi fizikia, na wala babu zetu hawakugundua kanuni ya tatu kwa kunyambua vitenzi. Istilahi nyingine, kama *msukumo* na *mgandamizo*, hazina kiambishi hicho, ingawa kani zake ni za kutendana vile vile. Tena kutendana si kutendana sawa. Vijana wawili wakipigana, mmoja anaweza kutoka na jino moja pungufu na mwingine asiwe na alama yoyote. Newton aliongeza lile ambalo lugha haikulisema: kwamba viwango ni sawa sawa, daima. Kila ngumi ilipotua, shavu liliipiga ngumi kwa kiasi kile kile ngumi ilichopiga shavu. Kama shavu limevimba na ngumi haikuvimba, ni kwa sababu vidole vilivyokunjwa ni vigumu na shavu ni laini. Madhara yanatofautiana, kani haitofautiani. Ukilifahamu hilo, utafahamu pia kwa nini mkokoteni unakwenda ingawa unamrudisha nyuma mvutaji kwa kani ile ile anayouvuta nayo. Kani hizo mbili haziko juu ya kitu kimoja, basi haziwezi kufutana. Mvutaji anasonga mbele kwa sababu ardhi inamsukuma mbele zaidi ya mkokoteni unavyomvuta nyuma, na ndiyo maana mchanga wa jirani ulikuwa na thamani kubwa.

Hata hivyo fikra ya "baina ya viwili" ilimletea Newton mwenyewe mashaka. Wavuvi wa Kunduchi na Kigamboni wanajua kwamba mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, na maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku za katikati huja maji mafu. Chanzo ni kwamba mwezi, na jua kwa kiasi kidogo zaidi, vinavuta upande wa karibu wa dunia kuliko kitovu chake, na kitovu kuliko upande wa mbali. Lakini mwezi uko umbali wa kilomita zipatazo 384,000, na hakuna kamba. Unaivutaje Bahari ya Hindi? Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, alidai kwamba Newton anarudisha uchawi katika sayansi kwa mlango wa nyuma. Naye Newton, katika barua aliyomwandikia Richard Bentley mwaka 1693, alikiri kwamba kitu kimoja kutenda juu ya kingine kupitia utupu, bila chochote katikati, ni jambo lisiloingia akilini. Miaka 20 baadaye, katika toleo la pili la kitabu chake, alisema hadharani kwamba sababu ya uvutano hajaipata, na kwamba hatabuni dhana ili kuliziba pengo hilo. Nampenda Newton zaidi katika ukurasa huo kuliko katika kurasa zote za ushindi wake.

Leibniz naye alikuwa na ugomvi mwingine, na huo unatuhusu zaidi sisi walimu. Mwaka 1686 alidai kwamba kipimo cha kweli cha "nguvu" ya kitu chenye mwendo ni tungamo mara kipeo cha pili cha mwendokasi, na si tungamo mara mwendokasi kama walivyosema wafuasi wa Descartes. Wasomi wa Ulaya waligawanyika kwa zaidi ya nusu karne. Mholanzi 's Gravesande aliangusha tufe za shaba juu ya udongo laini, akaona kwamba tufe lenye mwendokasi mara mbili huchimba shimo kubwa mara nne. Mwaka 1743 d'Alembert akaandika kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ule ni ya maneno. Alikuwa na haki. Chukua daladala lile lile la Barabara ya Kilwa, na breki zinazotoa kani ile ile. Likitoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwenda 80, muda wa kusimama unakuwa mara mbili, lakini umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Wafuasi wa Descartes walipima kwa saa, Leibniz alipima kwa futi, na wote walikuwa sahihi. Kimoja leo tunakiita momenta, na kingine, kikigawanywa kwa mbili, ni nishati ya mwendo. Mtoto anayevuka barabara mbele ya shule hauawi na ugomvi wa falsafa, lakini anaweza kuuawa na dereva anayedhani kwamba mwendo maradufu unahitaji nafasi maradufu tu.

Hata mwaka 1847, Helmholtz alipotoa insha yake maarufu juu ya kile tunachokiita leo hifadhi ya nishati, jina alilolitumia lilikuwa *Kraft*, yaani kani. Nilipokuwa nikisoma Ujerumani kwa ajili ya udaktari wangu, nilishangaa kuona mitambo ya kufulia umeme bado inaitwa *Kraftwerk*, karakana ya kani, katika nchi yenye wanafizikia wengi kiasi kile. Sisi tuna *nishati*, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya uchangamfu, na tunalo hata katika jina la wizara. Yuniti moja ya umeme unayoinunua kwa simu ni jouli 3,600,000. Ukiweza kuitumia yote bila upotevu, ingepandisha mfuko wa saruji wa kilo 50 kutoka usawa wa bahari hadi kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu, na ingebaki karibu sehemu moja ya tano. Lakini katika yuniti hiyo hamna kani hata nyutoni moja. Kani haiwekwi akiba wala haiuzwi. Inatokea pale mfuko unapokutana na kamba.

Sasa, je, kani ipo kweli? Katika karne ya 19 walitokea watu waliochoka na swali hilo. Kirchhoff mwaka 1876 na Mach mwaka 1883 walisema kwamba kazi ya umekanika ni kueleza mwendo, na kwamba kani ni jina la kifupi la tungamo mara mchapuko. Hertz alikwenda mbali zaidi. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1894, mwaka ule ule aliofariki akiwa na umri wa miaka 36, kilijaribu kuijenga elimu yote ya mwendo bila kuitumia kani kama dhana ya msingi. Wengi walikisifu kwa uzuri wake, na wachache mno walikitumia.

Nawaheshimu mabwana hao, lakini siwafuati. Kama kani ni jina tu la tungamo mara mchapuko, basi kanuni ya pili ya Newton haisemi lolote. Ni sawa na kusema kwamba mjomba ni kaka wa mama. Lakini kanuni hiyo inasema jambo. Inatuahidi kwamba kila tuonapo kitu kinabadilisha mwendo, tukitafuta vizuri tutakikuta kitu kingine kinachohusika, na kwamba kiasi cha badiliko kitategemea hali ya hicho kingine: springi imenyooshwa kiasi gani, mwezi uko umbali gani, tope lina maji kiasi gani. Ahadi hiyo ingeweza kuwa ya uongo, na hilo ndilo linaloifanya iwe sayansi. Nakiri kwamba Einstein mwaka 1915 aliuondoa uvutano katika orodha ya kani na kuufanya kuwa umbo la mahali na wakati. Lakini mkokoteni wa Mbagala haujapata habari hizo, na mhandisi anayekokotoa nguzo za daraja la Kigamboni hana sababu ya kusubiri zimfikie.

Nimalizie na madarasa yetu. Wanafunzi wetu wa sekondari wanajifunza fizikia kwa Kiingereza, wakitoka katika shule za msingi ambazo nyingi zinafundisha kwa Kiswahili. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sitaki kuufungua mjadala huo hapa, ingawa msimamo wangu msomaji ameshauhisi. Nasema tu kwamba mwalimu hahitaji waraka wa wizara ili amwulize mwanafunzi swali moja la Kiswahili kila anapochora mshale ubaoni: *kani ya nini juu ya nini?* Mshale usioweza kujibu swali hilo ufutwe. Nimewaona wanafunzi waliokariri tasnifu nzima ya kanuni tatu wakikwama mbele ya maneno hayo sita, na nimewaona wengine, waliokuwa kimya muhula mzima, wakiinua mikono.

Na kama shule ina mizani mbili za springi, mwalimu azifunge ndoana kwa ndoana, ampe moja mwanafunzi mwenye mwili mkubwa kuliko wote na nyingine mwenye mwili mdogo, awaambie wavutane, na darasa lisome namba kwa sauti. Nilifanya hivyo nilipoalikwa katika shule moja ya kata upande wa Temeke. Namba zilikuwa sawa. Wakarudia, zikawa sawa tena, hata yule mkubwa alipokuwa akimburuta mwenzake sakafuni. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akasimama, akaomba kwa adabu kwamba wabadilishane mizani, kwa kuwa ile ya mdogo, alisema, bila shaka ilikuwa mbovu.